Kabla Hujasema "Kazaliwa Hivyo": Namna ya Kumtazama Mtu Mkali

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili. Ndugu wakimleta mtu aliyepiga wenzake, wengi husema, "Huyu kazaliwa hivyo." Anayesema hivyo ameshaacha kutafuta. Huwaomba tuanze upya, na tunaanzia mwilini.

Uliza kwanza ukali ulianza lini. Hakuna swali linalonisaidia kuliko hili. Mtu mpole akibadilika ndani ya siku au wiki chache, mtafutie ugonjwa kabla ya kulaumu tabia yake. Mzee mmoja aliletwa na wanawe, mikono imefungwa kwa shuka. Mchana alimwita mkewe kwa upole, usiku akamrushia vitu asimtambue. Tulipima mkojo, tukakuta maambukizi. Alipewa antibayotiki, na wiki haijaisha akawa anatuuliza zile alama za mikononi zimetoka wapi.

Kwa hiyo pima mkojo, pima sukari, uliza kama aliwahi kuumia kichwa, kama ana kifafa, kama analala. Uliza pombe bila kumhukumu: hulegeza sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuzuia kutenda kila linalotujia, na anayeiacha ghafla baada ya kuizoea anaweza kuchanganyikiwa vibaya. Mwaka 1966 Charles Whitman alipanda mnara wa chuo kikuu mjini Austin, Texas, akawafyatulia watu risasi. Alikuwa ameacha barua akiomba ubongo wake uchunguzwe, na kweli ulikutwa na uvimbe. Wataalamu wanabishana ulichangia kiasi gani. Mimi naumia kwamba aliona kuna kitu hakiko sawa, na jibu likapatikana watu wameshakufa.

Kisha tazama umri. Sehemu hiyo ya mbele ya ubongo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Ndiyo maana kijana hulipuka upesi, na ndiyo maana naona Mahakama Kuu ya Marekani ilitenda haki mwaka 2005 ilipopiga marufuku adhabu ya kifo kwa waliotenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18. Testosteroni, homoni ya kiume, usiipe lawama zote. Uhusiano wake na ukali ni mdogo kuliko tunavyoambiwa, na yenyewe hupanda mtu anaposhindana au kuchokozwa.

Ukiletewa habari za "jeni la ukatili", soma taratibu. Jeni linalotajwa ni MAOA. Mwaka 2002 watafiti waliowafuatilia watoto wa Dunedin, New Zealand, waliona kwamba wavulana wenye aina dhaifu ya jeni hilo walielekea zaidi kwenye vurugu ukubwani hasa pale walipoteswa utotoni. Jeni la mtoto hulibadilishi. Kipigo unaweza kukizuia. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa nchini Italia ilimpunguzia muuaji mwaka mmoja wa kifungo, jeni hilo likiwa miongoni mwa hoja. Sikubaliani nayo hata kidogo. Mamilioni ya wanaume wana aina hiyo dhaifu na hawajamuua mtu.

Tazama pia mazingira. Madini ya risasi yaliyokuwa yakitiwa kwenye petroli hudhuru ubongo wa mtoto, na uwezo wake wa kujizuia pia. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli hiyo kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Sumu hiyo haiondoki kwa mahubiri wala viboko. Huondolewa na sheria.

Na akiwa amepandwa na hasira mbele yako? Simama upande, usimkabili uso kwa uso. Mwachie njia ya mlango, nawe uwe na yako. Shusha sauti, sema maneno machache, usimguse. Mwili uliojaa adrenalini hauelewi hoja. Mpe nusu saa ndipo mzungumze. Akianza kurusha mikono, toka, ita msaada. Ugonjwa wake haukulazimishi kupigwa. Maswali ya lini na kwa nini utayauliza kesho, mkiwa kwa daktari.