Somo: Kuiunganisha cpufreq-dt na prosesa ya Allwinner H3

Wengi hapa Unguja wanaojijengea kerneli ya Linux ya Orange Pi (bodi ndogo za kompyuta, nyengine zenye H3) hutafuta `compatible` (jina linalokutanisha kifaa na draiva yake) ya cpufreq, sehemu ya kerneli inayobadili mwendo wa prosesa, ndani ya dts, yaani faili linaloieleza kerneli vifaa vya bodi; wakiikosa hudhani faili ni bovu. Si bovu. Kubadili mwendo wa prosesa si kifaa cha kushikika, basi hakuna nodi yake, yaani kipande cha kukieleza ndani ya dts. Kerneli ikiona `operating-points-v2` kwenye cpu0, yenyewe husajili kifaa cha kubuni kiitwacho `cpufreq-dt`, na draiva hukidaka kwa jina hilo.

1. Kwenye mipangilio ya kerneli, washa `CONFIG_CPUFREQ_DT`.

2. Andika jedwali la hatua za mwendo na volti zake (OPP). `opp-shared` ni lazima, maana viini vinne vya H3 vina saa moja:

```
cpu_opp_table: opp-table-cpu {
    compatible = "operating-points-v2";
    opp-shared;
    opp-480000000 {
        opp-hz = /bits/ 64 <480000000>;
        opp-microvolt = <1040000 1040000 1300000>;
        clock-latency-ns = <244144>;
    };
};
```

Zile namba tatu za `opp-microvolt` ni volti ya lengo, kima cha chini na cha juu. Hapa ndipo watu hukwama. Regyuleta (chipu inayoipa prosesa volti) ya Orange Pi One inajua volti mbili tu, 1.1 na 1.3. Ukiandika 1040000 peke yake, kerneli huitupa hatua hiyo na dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli) huandika "not supported by regulator". Ukiiachia nafasi hadi 1300000, huchukua 1.1 ikaendelea.

3. Kila kiini kipe `operating-points-v2 = <&cpu_opp_table>;`. Kwenye dts ya bodi, cpu0 iongezee `cpu-supply` inayoelekeza kwenye regyuleta. Ukiisahau, mwendo hupanda na volti hubaki pale U-Boot, programu inayoiamsha bodi kabla ya kerneli, ilipoiacha. Bodi ikielemewa, inaganda.

4. Hakiki: `cat /sys/devices/system/cpu/cpufreq/policy0/scaling_driver`

Maswali

*Chake Chake:* Kaka, policy0 haipo kabisa na dmesg kimya.
— Soma `/sys/kernel/debug/devices_deferred`, orodha ya vifaa ambavyo draiva zake bado zinasubiri. Ukiikuta cpufreq-dt humo, inasubiri regyuleta. Orange Pi PC hutumia regyuleta ya SY8106A, inayoongozwa kupitia nyaya za I2C. Bila ya draiva yake utangoja mpaka kesho.

*Mkunazini:* Nimelihamishia jedwali H6, haifanyi kazi.
— H6, prosesa nyengine ya Allwinner, imo kwenye orodha ya waliozuiliwa kutumia cpufreq-dt, ndani ya `cpufreq-dt-platdev.c`. Draiva yake ni nyengine, `sun50i-cpufreq-nvmem`, nayo husoma kwanza daraja la chipu.

*Wete:* Kaskazi hii bodi inajizima mchana.
— Weka `#cooling-cells = <2>` kwenye nodi za cpu, kisha `cooling-maps`, na uwashe `CONFIG_CPU_THERMAL`. Bila hivyo kerneli inaliona joto lakini haina cha kupunguza.