Kumtambua Mwundaji wa Fremu Kongwe ya Baiskeli ya Mbio

Eddy Merckx, mwendesha baiskeli wa mbio kutoka Ubelgiji, alipoweka rekodi ya umbali wa saa moja mjini Mexico City mwaka 1972, kwa kuendesha kilomita 49.431, fremu aliyoipanda ilikuwa imeundwa na Ernesto Colnago wa Cambiago, Italia, ilhali jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la chapa nyingine, Windsor. Kwa hiyo, anayetaka kujua fremu kongwe ilitoka mikononi mwa nani asianze na stika wala rangi.

Igeuze baiskeli juu chini, ukasugue kwa kitambaa chenye mafuta kidogo chini ya kifuko cha ekseli ya pedali, kwa kuwa mara nyingi namba ya fremu hugongwa hapo. Kisha pima upana wa kifuko hicho: milimita 70 ni kipimo cha Kiitalia, na 68 ni cha Kiingereza au cha Kifaransa. Unapofungua kifuniko chenye hesi cha kifuko hicho, upande wa mnyororo, kumbuka kwamba hesi ya Kiingereza hufunguka kwa kuzungushwa kulia, lakini ya Kiitalia na ya Kifaransa hufunguka kushoto. Ikigoma, tia mafuta ya kupenya na usubiri hadi kesho, kwani hesi iliyolika kwa pupa ya fundi hairudi.

Chomoa nguzo ya kiti, usome kipenyo chake. Milimita 27.2 huashiria mabomba mepesi, kama vile Reynolds 531 ya Birmingham, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, au Columbus ya Milano, ambayo kuta zake ni nene nchani zinapolehemiwa na nyembamba katikati. Fremu za Kifaransa usizihukumu kwa kipimo hicho, maana mabomba yao yalikuwa na vipenyo vingine.

Sehemu inayohitaji subira zaidi ni viungo. Mabomba huingizwa katika vifuko vya chuma, kisha shaba ya njano au fedha iliyoyeyushwa hupenya kwenye mwanya. Mwundaji hodari alizipiga tupa kingo za vifuko hivyo hadi zikawa nyembamba, na ncha zake zikachongwa kwa umbo alilolizoea. Hapo ndipo mkono wake unapoonekana, kuliko hata kwenye namba. Waundaji Hetchins wa London, kwa mfano, walijulikana kwa vifuko vyenye nakshi nyingi na kwa mabomba ya nyuma yaliyopindwa, ambayo binafsi nayaona ya kujionyesha kidogo.

Kabla ya kulipa, pitisha kidole gumba chini ya mabomba mawili nyuma ya shingo ya usukani: mkunjo mdogo huko huonyesha kwamba fremu iliwahi kugongwa kwa mbele. Mwisho, funga uzi kutoka kishikio kimoja cha gurudumu la nyuma, uuzungushe shingoni na kuurudisha hadi kishikio cha pili. Nafasi kati ya uzi na bomba la kiti iwe sawa pande zote mbili.