Kuuzunguka Mam Tor kwa baiskeli, hatua kwa hatua

Mimi ni mtu wa Lushoto. Nilipohamia Sheffield, Uingereza, nikaambiwa kuna milima jirani, upande wa Derbyshire, nikacheka kimoyomoyo. Kilele cha Mam Tor, mlima unaokitazama kijiji cha Castleton, kiko mita 517 tu juu ya usawa wa bahari. Kwetu mita 517 hujatoa hata sweta kwenye begi. Basi nikachukua baiskeli yangu ya mjini nikaenda, na baada ya saa tatu nikajikuta nimekaa juu ya ukuta wa mawe, mapaja yanatetemeka yenyewe.

Sikuwa nimejua kitu kimoja. Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto inajipinda na kujipinda mpaka mlima unalainika. Huku barabara nyingi za vijijini zimerithi njia za farasi wa mizigo, na mwenye farasi hakuwa na haja ya kona nyingi. Zinapanda moja kwa moja. Kwa hiyo hapa swali la "ni kilomita ngapi?" halikusaidii sana. Uliza ni mita ngapi za kupanda, na zimebanana kiasi gani.

Mzunguko ninaoueleza ni huu: kituo cha treni cha Hope, kijiji cha Edale, Mam Nick (pengo la mlima ambamo barabara inapita, karibu na kilele), Castleton, kisha kurudi Hope. Ni kilomita 20 hivi. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida atumie nusu siku, pamoja na chai.

Hatua ya 1: Isome ramani kabla ya kugusa baiskeli

Simu itakuonyesha njia, lakini mimi naanza na ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa huku, ya skeli ya 1:50,000, namba 110. Kwenye ramani hiyo sentimita 2 ni kilomita 1, na kati ya mstari mmoja wa kontua (mstari unaounganisha sehemu zenye kimo kimoja) na unaofuata kuna mita 10 za kupanda. Weka rula juu ya barabara inayotoka kitongoji cha Barber Booth kwenda Mam Nick. Ukihesabu mistari 20 ndani ya sentimita 4, maana yake unapanda mita 200 ndani ya kilomita 2. Hiyo ni asilimia 10, na huo ni wastani tu. Wastani unaficha mengi.

Kinachofichwa na wastani kinaonyeshwa na vishale vidogo vilivyochorwa juu ya barabara. Kishale kimoja ni mwinuko wa kati ya asilimia 14 na 20. Viwili ni zaidi ya asilimia 20. Ncha ya kishale inatazama upande wa kushuka. Niliisoma kinyume mwaka wa kwanza, na miguu ikanisahihisha.

Angalia pia vijia vyenyewe. Kijia cha waenda kwa miguu, ambacho vibao vyake vina mshale wa njano, si chako. Chenye mshale wa bluu ni cha farasi, na tangu sheria ya mwaka 1968 baiskeli zinaruhusiwa humo, ila mwenye farasi na mwenye miguu wapishwe kwanza.

Hatua ya 2: Hesabu meno ya gia

Hapa ndipo wengi wanapoumizwa, kwa hiyo vumilia hesabu kidogo. Hesabu meno ya gia ndogo kabisa ya mbele na ya gia kubwa kabisa ya nyuma. Baiskeli yangu ya mjini ilikuwa na 44 mbele na 28 nyuma. Gawanya 44 kwa 28, zidisha kwa mita 2.1, ambao ni mzunguko wa gurudumu la kawaida. Unapata mita 3.3 kwa kila duara moja la pedali. Sasa, kwenye mwinuko wa asilimia 15 au 20 wengi wetu tunatambaa kwa kilomita 5 kwa saa. Kwa gia ile, mwendo huo ni mizunguko 25 tu ya pedali kwa dakika. Huo si uendeshaji tena. Unasimama juu ya goti moja, kisha jingine, kama anayepanda ngazi na gunia mgongoni.

Ukiwa na 34 mbele na 34 nyuma, duara moja la pedali ni duara moja la gurudumu, mita 2.1. Mwendo uleule unakuwa mizunguko 40. Bado ni kazi, lakini magoti yatakushukuru. Mwambie fundi akuwekee gia kubwa ya nyuma kabla hujafikiria kununua baiskeli nyepesi. Wanaobeba mahema na mikoba ya pembeni watafute hata chini ya hapo, 26 mbele kwa 36 nyuma.

Hatua ya 3: Mzigo

Tyubu mbili, pampu, vyuma vya kutolea tairi, koti la mvua, ndizi, chupa mbili za maji. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni sheria usiku. Mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, hivyo zibebe hata ukiondoka saa nne asubuhi. Glavu usiziache. Kupanda utatoka jasho, kushuka utaganda, na vidole vilivyoganda havifungi breki.

Hatua ya 4: Hope hadi Edale

Treni ya kutoka Sheffield inafika Hope kwa nusu saa hivi. Nafasi za baiskeli ni chache, mara nyingi mbili kwa treni, na anayewahi ndiye anayepata. Ukishuka, tafuta bomba refu la kiwanda cha saruji. Mvuke wake ndio kipimaupepo changu. Upepo wa kawaida wa huku unatoka kusini-magharibi, na ndiyo sababu nazunguka kinyume cha saa: sehemu ya mwisho, Castleton kwenda Hope, upepo unanisukuma mgongoni.

Endesha kushoto. Kwa aliyetoka Dar, Nairobi au Kampala hilo si jipya. Ndugu wa Goma na Bujumbura, andikeni kwa kalamu kwenye mkono, hasa kwa ajili ya njia panda.

Kijijini Hope geuka kulia kufuata bonde la mto Noe. Ni kilomita 8 hivi za kupashia miguu moto, zenye vilima vidogo vidogo. Usijionyeshe hapa. Kulia kwako kuna safu ya Kinder Scout, mita 636, ambako tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watembeaji waliingia kwa makusudi katika ardhi ya wenye mali kudai haki ya kutembea. Baadhi yao walifungwa jela. Edale ndipo inapoanzia njia ndefu ya miguu ya Pennine Way. Jaza maji, kojoa, kula ndizi.

Hatua ya 5: Mam Nick

Baada ya Edale unafika Barber Booth. Hizi "booth" za bonde hili zilikuwa mabanda ya wachungaji, zikakua vitongoji. Barabara inaanza kuinuka mara moja.

Badilisha gia sasa, mlima ukiwa bado mpole. Mimi nilisubiri mpaka pedali zikawa nzito, nikalazimisha gia kwa nguvu zote, cheni ikaruka ikaingia kati ya gia na fremu. Baiskeli ilisimama, mimi nikainama nayo polepole kama mgomba uliokatwa, mpaka kwenye majani. Kondoo watatu walikuwa wanatafuna. Hakuna aliyeacha.

Kaa kwenye kiti, sogea mbele kidogo, legeza mikono. Usitazame juu. Chagua jiwe la ukuta lililo mita kumi mbele, lifikie, chagua jingine. Mwinuko huu haupandi sawasawa: unalegea, unakupa matumaini, kisha unakaza tena. Pale unapolegea usiongeze mwendo, pumua. Ukishindwa kuzungumza sentensi nzima, umezidisha. Na ukishuka kusukuma si aibu; nimesukuma mara nyingi, na anayesukuma huona mandhari vizuri zaidi.

Juu, pale mlima ulipokatika kama pengo la jino, upepo utakupiga kifuani. Vaa koti kabla hujasimama kupiga picha. Ukitaka kilele, funga baiskeli upande ngazi za mawe kwa miguu. Ni mwendo mfupi.

Hatua ya 6: Kushuka bila kujiua

Kuna njia mbili za kushuka Castleton. Winnats Pass ni korongo la mawe ya chokaa, asilimia 20, jembamba na lenye magari. Jina lenyewe linatokana na malango ya upepo, na upepo ukijibana mle unaweza kukuhamisha upande wa pili wa barabara. Sishuki huko mvua ikinyesha. Hata pakiwa pakavu nasitasita.

Napenda barabara ya zamani, inayoanzia karibu na pango la Blue John. Ilikuwa barabara kuu ya A625, lakini imepita juu ya maporomoko ya Mam Tor, ambao haujaacha kuteleza. Walikarabati na kukarabati, mpaka mwaka 1979 wakakata tamaa wakafungia magari moja kwa moja. Leo lami imepasuka vipande, imeshuka kama ngazi za jitu, na kwenye kingo unaona matabaka ya lami yaliyomwagwa kila walipojaribu tena. Shuka kwenye baiskeli kila penye ufa, ibebe begani, endelea. Usijaribu kuruka.

Kwenye sehemu nzima, minya breki uachie, minya uachie. Breki za rimu zikishikiliwa muda mrefu hupata moto, na rimu ikipata moto tyubu inaweza kupasuka. Ukikuta mabomba ya chuma yaliyopangwa kukatisha barabara ili kondoo wasipite, yavuke kwa kunyooka, usikate kona wala kushika breki juu yake. Yakilowa yanateleza kama sabuni.

Hatua ya 7: Castleton

Kunywa chai. Juu ya kijiji kuna magofu ya ngome ya Peveril, lakini miguu yako itakuambia kama inataka kupanda tena. Kutoka hapa hadi Hope ni kilomita 2 na nusu za kuteleza, magari yanakimbia kidogo. Kituo kiko mbele ya kijiji, upande wa mashariki.

Ukiwa na siku ya pili na magoti yamegoma, nenda Bamford, ushike kijia cha Thornhill, ambacho kilikuwa reli ya kubebea mawe ya kujengea mabwawa ya juu. Kinakufikisha kwenye bwawa la Ladybower, lililozamisha vijiji vya Derwent na Ashopton, na ukiendelea kaskazini unafika bwawa la Derwent, ambako mwaka 1943 marubani wa kikosi cha 617 cha jeshi la anga la Uingereza walifanya mazoezi ya kuruka chini kabisa juu ya maji. Kando ya maji ni karibu tambarare. Huko ndiko ninakompeleka mke wangu, ambaye Mam Nick alikwenda mara moja, akaniambia kwa upole kwamba Lushoto kuna mabasi.