Kabla Hujaenda Kwenye Sikukuu ya Mqabba, Malta

Anza na tarehe. Wengi hukata tiketi wakijua sikukuu ya Mqabba ni tarehe 15 Agosti, wanatua asubuhi ya siku hiyohiyo, na kumbe usiku wa fataki kubwa ulikuwa jana yake. Sikukuu ya kijiji cha Malta, wenyewe wanaiita festa, ina siku kadhaa za kuipandia kabla ya kilele chake. Tarehe 14 ni mkesha, usiku wa moto. Tarehe 15 ni siku ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni: misa, bendi barabarani, na jioni maandamano ya sanamu. Fika tarehe 12 kama nafasi inaruhusu.

Ujue pia kwamba Mqabba haiko peke yake. Siku hiyohiyo wanasherehekea Qrendi, kijiji jirani unachoweza kukifikia kwa miguu, halafu Gudja, Għaxaq, Attard, Mosta, na Victoria kule kisiwa cha Gozo. Usijaribu kuzizungukia zote. Siku hizo mabasi hubadilishiwa njia kwa sababu barabara za katikati ya vijiji zinafungwa, na anayekimbizana na sherehe saba huishia kuona migongo ya watu. Chagua kijiji kimoja ukae nacho.

Mambo ya safari yenyewe nitayapitia haraka. Malta iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anahitaji viza. Maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na Agosti ni msimu wa watalii, usingoje. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Soketi ni zile za pini tatu tunazozitumia nyumbani, na magari hushika kushoto, yote mawili ni masalio ya Mwingereza aliyeitawala Malta hadi mwaka 1964. Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta.

Lakini maandalizi ninayoyaona ya muhimu kuliko yote ni kujua unaingia kwa nani. Mqabba ni kijiji kidogo cha kusini mwa kisiwa, karibu kabisa na uwanja wa ndege, chenye watu elfu chache. Pande zake zimechimbwa mashimo makubwa ya mraba, kuta zake zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Ni machimbo ya jiwe la chokaa, laini, rangi ya asali, wanaloliita franka. Nyumba nyingi za Malta zimejengwa kwa jiwe la aina hii. Ukipita uchochoro wa Mqabba weka kiganja ukutani: jiwe lina joto la mchana kutwa, na ukiondoa mkono unabaki na vumbi jeupe vidoleni. Hilo ndilo vumbi lililowalisha watu wa hapa vizazi na vizazi.

Jua pia kwa nini Agosti 15 inawatoa machozi wazee. Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Malta ilikuwa imezingirwa, inapigwa mabomu, na chakula na mafuta vimebaki vya siku za kuhesabu. Meli 14 za mizigo zikatumwa kuivusha. Zilizofika ni 5. Ya mwisho, Ohio, yenye mafuta, iliingia Bandari Kuu tarehe 15 Agosti ikiwa nusu imezama, imefungwa ubavuni kwa manowari ili isiende chini. Mpaka leo Wamalta wanauita ule Msafara wa Santa Marija, yaani wa Bikira Maria. Basi ukisikia umati unapaza sauti "Viva Santa Marija!", usidhani ni kelele za sherehe tu.

Sasa tuje kwenye jambo linalowakwaza wageni. Mqabba ina pande mbili. Kuna chama cha Santa Marija chenye Bendi ya Mfalme George wa Tano, na kuna chama cha Madonna tal-Ġilju, Mama Yetu wa Yungiyungi, ambacho sikukuu yake ni Jumapili ya tatu ya Juni. Kila chama kina jengo lake, bendi yake, bendera zake na kiwanda chake cha fataki. Mtu huzaliwa upande, kama mtu anavyozaliwa Simba au Yanga, ila huku kuna sala ndani yake. Kwa hiyo kabla hujasifia, tazama uko mlangoni kwa nani. Usiulize mezani fataki za nani ni bora. Na usivae fulana ya chama ambacho hukijui.

Ushindani huo ndio uliowafikisha mbali. Upande wa Yungiyungi, Juni 2011, waliwasha gurudumu la moto lenye kipenyo cha zaidi ya mita 32, likaingia kwenye rekodi ya dunia. Wanaotengeneza fataki hizi ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao za mchana, na jioni za mwaka mzima wanazimalizia kwenye baruti. Viwanda kama hivyo vimewahi kulipuka huko Malta na watu wakafa. Kumbuka hilo unapopiga makofi.

Chukua pamba za masikio, hasa kama una mtoto. Mizinga ya fataki huanza asubuhi, na mlio wake unaupokea kifuani kabla ya masikioni. Kofia na maji ni lazima, joto hupita nyuzi 30. Kanisani funika mabega na magoti. Mwachie mtoto wako mqaret, vitumbua bapa vya tende vinavyokaangwa palepale barabarani, hatahitaji maelezo.

Jifunze maneno machache, hutapata shida. Kimalta kina asili ya Kiarabu, na sikio la Mswahili linakidaka. Kanisa ni knisja, bahari ni baħar, asali ni għasel, dunia ni dinja, saba ni sebgħa. Karibu ni merħba, ndugu wa marahaba yetu. Krismasi wanaiita Milied, na Kwaresima wanaiita Randan. Mimi niliposikia mara ya kwanza Wakatoliki wakiitaja Kwaresima kwa neno la Ramadhani nilisimama pale pale. Herufi x isome sh, ġ isome j, na q usiitamke, kata pumzi tu: Mqabba ni "im-abba" yenye kikwazo katikati.

Mwisho, usiondoke mapema tarehe 15. Wageni wengi huona sanamu ikitoka wakapiga picha wakaenda zao. Subiri irudi. Wabebaji wameshazunguka nayo kijiji kizima mabegani, mashati yamelowa, vipande vya karatasi vimewaganda shingoni. Wakifika mlangoni mwa kanisa huigeuza iwatazame watu kwa mara ya mwisho mwaka huo, na kiwanja kizima kinaimba.