Mashine ya kukausha unyevu haitoi maji: itengenezwe au inunuliwe nyingine?

Joto likianza, ndugu zetu wa Ohio, Minnesota na kwingineko Marekani kwenye nyumba zenye besimenti (chumba cha chini ya ardhi) huuliza jambo lilelile: mashine inanguruma usiku kucha, asubuhi ndoo kavu na harufu ya ukungu imejaa nyumba nzima. Msiitupe bado. Swali la kujiuliza ni kama ubovu uko ndani ya mfumo wa gesi ya kupoza au nje yake. Ukiwa nje, tengeneza. Ukiwa ndani, nunua nyingine.

Mashine hii ni ndugu wa friji: kompresa, yaani pampu yake, husukuma gesi ndani ya koili, yaani bomba lililojikunja, likawa baridi. Feni huvuta hewa, hewa ikagusa koili baridi, mvuke ukawa maji na kudondoka kwenye ndoo.

Hatua ya 1. Soma kibandiko cha nyuma. Hii msiiruke, tafadhali. Mwaka 2013 zaidi ya mashine milioni 2 zilizotengenezwa na kampuni ya Gree ziliondolewa sokoni Marekani kwa sababu zilipata joto kupita kiasi na kuwaka moto. Mwaka 2021 zikafuata za New Widetech, milioni 2 hivi. Ziliuzwa kwa majina mengi tofauti, kwa hiyo usiangalie jina la usoni tu. Chukua namba ya modeli, iangalie kwenye tovuti ya CPSC, tume ya serikali ya usalama wa bidhaa. Ikiwa imo, chomoa waya na usiiwashe tena, hata kama inafanya kazi vizuri. Watoto wamelala juu ya hiyo besimenti.

Hatua ya 2. Chujio na ndoo. Osha chujio, likauke. Kisha angalia boya dogo la plastiki ndani ya ndoo: likikwama, mashine hudhani ndoo imejaa na kujizima.

Hatua ya 3. Pima chumba. Kipimo cha unyevu ni dola chache tu. Kikisoma asilimia 45, na mashine umeiweka kwenye 50, basi haijaharibika. Haina kazi ya kufanya. Lengo ni kati ya asilimia 30 na 50.

Hatua ya 4. Gusa koili. Iwashe nusu saa, chomoa waya, fungua chujio. Koili ikiwa baridi yote na inatoa jasho, gesi ipo. Ikiwa imefunikwa barafu yote, huenda chumba ni baridi mno (chini ya nyuzi 18 za Selsiasi mashine nyingi huanza kuganda) au feni inazunguka kivivu. Barafu ikiwa kwenye kona moja tu na kwingine pana uvuguvugu, gesi imepungua. Isipokuwa na ubaridi popote, sikiliza kompresa: ikinguruma kidogo na kukata, ikarudia tena, huenda ni kapasita, kifaa kidogo kinachoipa kompresa nguvu ya kuanza, na hiyo ni bei ndogo. Lakini kapasita hushika umeme hata waya ukiwa umechomolewa. Mwachie anayejua kuimaliza nguvu.

Hatua ya 5. Amua. Boya, feni, kapasita, mpira wa maji: tengeneza. Gesi au kompresa: acha. Mashine hizi ndogo kwa kawaida hazina mdomo wa kujazia gesi. Fundi lazima aweke valvu, atafute panapovuja, azibe, avute hewa yote, ndipo ajaze. Tena Marekani sheria inamtaka awe na cheti cha EPA, shirika la serikali la mazingira. Ujira wake utaipita bei ya mashine mpya, ambayo ni kama dola 200 hadi 300. Anayekwambia "nitakuongezea gesi tu" bila kutafuta tundu anakuuzia wiki chache.

Ukinunua, usishangae namba ya painti, yaani kiasi cha maji mashine inachotoa kwa siku. Tangu 2019 kipimo hufanyika kwenye chumba baridi zaidi, kwa hiyo iliyokuwa ikiitwa painti 70 sasa ni 50. Nguvu ni ileile.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo fundi. Yangu inajaza ndoo kila siku lakini ukungu hauishi ukutani.

Jibu: Marahaba mwanangu. Mashine yako ni nzima, huenda maji yanaingia kutoka nje. Toka mvua ikinyesha, uangalie mifereji ya paa inamwaga wapi. Ikimwaga kando ya ukuta, isogeze mbali kwanza.

Swali: Kaka, ninayo nzima hapa Columbus, nataka kuiweka kwenye kontena nimpelekee mama Mombasa. Nguo zake zinaota koga kabatini.

Jibu: Usipeleke hiyo. Ni ya volti 120 na hezi 60 (mapigo ya umeme kwa sekunde). Kenya ni 240 na 50. Transfoma itabadilisha volti, hezi itabaki 50, na kompresa itazunguka taratibu huku ikichemka. Mtumie mama fedha, anunue ya huko.

Swali: Maji ya ndoo yanafaa kunywa? Yanaonekana masafi kabisa.

Jibu: Hapana, dada. Yamepita kwenye vumbi na chuma, na ndoo huota vijidudu. Mwagilia maua.

Swali: Nyumba ni ya kupanga na mashine ni ya mwenye nyumba. Nifungue?

Jibu: Osha chujio tu. Mengine mwandikie, umtumie na picha ya ukungu, na nakala ubaki nayo.

Swali: Ya zamani niiweke barabarani siku ya takataka?

Jibu: Ina gesi, lazima inyonywe kwanza. Piga simu manispaa, na uulize pia kampuni yako ya umeme. Baadhi huzichukua na kukulipa kidogo.