Mtambo wa joto umezeeka: utengeneze au ubadilishe?

Mtambo wa kupasha joto nyumba hauchagui kiangazi kuharibika. Hungoja usiku wa baridi kali, watoto wamelala na makoti, na fundi pekee aliyepatikana anasema, "Huu umekwisha, weka mpya." Saa hiyo utakubali bei yoyote. Hesabu hii ifanye mtambo ukiwa bado unawaka.

Anza na umri. Ubavuni au ndani ya kifuniko kuna kibati chenye namba, na mara nyingi mwaka wa kutengenezwa umo ndani ya namba hiyo. Tanuru la gesi linalosukuma hewa moto hudumu kama miaka 15 hadi 20, boila ya kisasa (inayopasha maji yanayozunguka kwenye mabomba ya nyumba) kama 15, pampu ya joto (inayotumia umeme kuvuta joto la nje na kulileta ndani) 10 hadi 15. Umri peke yake lakini hauui mtambo. Muhimu zaidi ni kujua kilichoharibika.

Kiwashio, sensa ya moto, kapasita ya feni, thamostati (kidhibiti cha joto cha ukutani): hivi ni vipuri vya kubadilisha bila kuumiza kichwa, hata kama mtambo una miaka 17. Tena kabla ya kumwita fundi, tazama betri za thamostati na filta ya hewa. Filta iliyoziba vumbi huzima tanuru zima, na ni aibu kumlipa mtu aje akuonyeshe hilo. Kwenye boila, soma geji ya presha maji yakiwa baridi; nyumba nyingi huhitaji kati ya bar 1 na 1.5. Redieta (paneli ya chumbani inayopashwa na maji ya boila) ikiwa baridi juu na moto chini, ina hewa. Ikiwa baridi chini, ina tope la kutu, na ukifunga boila mpya bila kusafisha mabomba, tope hilo litahamia kwenye mtambo mpya.

Kesi ngumu ni ile ya ufa kwenye chuma kinachotenganisha moshi na hewa mnayovuta. Hapo moshi wenye kaboni monoksaidi unaweza kuingia ndani, nayo ni gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtambo wa miaka mingi wenye ufa huo hautengenezwi. Ila maneno hayohayo hutumiwa pia kuwatisha wateja, kwa hiyo omba uoneshwe ufa wenyewe, au picha yake, kisha mwite fundi wa pili, mtambo ukiwa umezimwa. Kengele ya kaboni monoksaidi ikilia, au watu wakiumwa kichwa na kichefuchefu ndani lakini wakapata nafuu nje, hakuna cha kujadili: tokeni, kisha pigeni simu ya dharura mkiwa nje. Mwali wa gesi uliozoea kuwa wa buluu ukigeuka manjano, zima na uite fundi.

Kwa mengine, mafundi wengi hutumia kipimo hiki: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mtambo mpya, na wa zamani umekaribia mwisho wa umri wake, badilisha. Mimi huongeza swali moja: utakaa nyumba hiyo miaka mingapi? Anayepanga kuhama au kurudi nyumbani baada ya miaka miwili, mara nyingi bora atengeneze tu, maadamu mtambo ni salama.

Mafuta au gesi nayo ihesabu. Mtambo wa zamani unaogeuza asilimia 65 tu ya nishati kuwa joto, ukibadilishwa na wa asilimia 95, hupunguza matumizi kwa karibu theluthi moja. Lakini kama joto linapenya kwenye dari na madirisha, ziba huko kwanza. Baadaye hata mtambo mdogo utatosha. Mashaka yangu humwangukia fundi anayenakili ukubwa wa mtambo wa zamani bila kupima nyumba. Mtambo mkubwa kupita kiasi huwaka na kuzima kila mara, ukajichosha mapema.

Chukua makadirio matatu ya maandishi, na uulize kama waranti inadai huduma ya kila mwaka. Nyingi hudai, na risiti zisipokuwepo waranti hukataliwa.

Na kama nyumba ni ya kupanga, usitoe pesa mfukoni kwanza. Mwandikie mwenye nyumba siku hiyohiyo, taja tarehe na nyuzi joto za chumbani, na utunze nakala.