Namna ya Kutengeneza Tangazo la Katuni la Sekunde 20

Muuza juisi ya zabibu wa Majengo, Dodoma, akikuagiza tangazo la katuni la sekunde 20, kabla ya kufungua kompyuta piga hesabu. Kwa kasi ya fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, tangazo hilo lina fremu 480; na kwa kuwa mchoro mmoja unaweza kushika fremu mbili bila mwendo kuonekana wa kukatikakatika, utahitaji michoro 240. Mtajie mteja idadi hiyo kabla ya kutaja bei, kwa maana wengi hudhani sekunde 20 ni kazi ya mchana mmoja.

Kuhusu programu sina mengi. Blender hutolewa bure, na Flow, filamu ya Latvia iliyopata Oscar ya filamu ndefu ya katuni mwaka 2025, ilitengenezwa kwa programu hiyo hiyo. Zingatia tu kwamba unapotoa kazi, yaani kompyuta inapogeuza michoro kuwa video, kila fremu ihifadhiwe kama picha yake peke yake, ili umeme ukikatika ukiwa fremu ya 300, uendelee na ya 301 badala ya kuanza upya.

Tangulia na sauti. Rekodi maneno ya tangazo kwa simu, katika chumba chenye nguo au magodoro ya kumeza mwangwi, kisha chora matukio makuu sita kwa penseli, yapige picha na uyapange juu ya sauti hiyo. Mteja aone hatua hii na aikubali, kwa sababu kufuta mchoro wa penseli ni rahisi kuliko kufuta michoro 40 iliyokwisha kupakwa rangi.

Sasa tuiangushe punje moja ya zabibu kutoka kwenye kishada hadi ndani ya glasi. Mwanafunzi hugawa safari hiyo kwa vipande vilivyo sawa, na punje yake hushuka kama lifti. Kitu kinachoanguka huongeza mwendo, na umbali wa kila hatua hufuata namba witiri: 1, 3, 5, 7, 9, 11, ambazo jumla yake ni 36. Ikiwa punje inaanguka pikseli (nukta za skrini) 720 kwa nusu sekunde, yaani michoro sita, kila sehemu moja kati ya hizo 36 ni pikseli 20. Basi ishushe pikseli 20, halafu 60, 100, 140, 180, na mwisho 220. Ikigusa juisi, ipunguze kimo hadi asilimia 80 na uongeze upana hadi asilimia 125 kwa mchoro mmoja tu. Ukubwa wake kwa jumla haubadiliki, kwa hiyo mtazamaji ataiona laini yenye maji, wala hataiona imepungua. Mimi humaliza siku nzima kwenye nusu sekunde hiyo, na sijutii, kwani ndiyo inayomtia mtu kiu.

Maandishi yana shida yake. Templeti nyingi, yaani violezo vilivyotengenezwa tayari, zimepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Ukiweka “Tunapatikana” mahali palipokusudiwa neno la herufi nne, litamwagika nje ya fremu. Usipunguze ukubwa wa herufi, punguza maneno. Katika kazi yangu ya kwanza niliandika “Juisi halisi ya zabibu za Dodoma isiyoongezwa sukari” na kuyaacha maneno hayo kwa sekunde mbili. Mteja aliyarudia mara tatu bila kuyamaliza. Tangu hapo husoma maandishi kwa sauti, taratibu, mara mbili, na muda ninaotumia ndio ninaoyaacha kwenye skrini. Yanapokaa, vitu vingine vyote vitulie. Matangazo mengi ya siku hizi hurusha nembo, bei na namba ya simu kwa pamoja, hata mtu hajui atazame wapi.

Kwa kuwa watazamaji wengi watakuwa na simu mkononi ndani ya daladala, tena bila sauti, tengeneza picha ya wima ya pikseli 1080 kwa 1920, na uache nafasi chini na upande wa kulia, ambako vitufe vya mitandao hufunika picha. Ukimtumia mteja kwa WhatsApp, itume kama hati na si kama video, la sivyo itabanwa hadi rangi ya zabibu ifanane na matope.